Tembo wa Bustani ya Msafara

Cheyo, Tabora
22 Agosti 2021

YAH: MAENDELEO YANGU, NA HALI ZETU KWA UJUMLA

Mpwa wangu Leonia,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu mwenyewe. Mji huu wa Tabora kwa sasa una watu watatu ambao wakipiga chafya shughuli zinasimama, na mimi mjomba wako Silasi Kapembe ni mmojawapo. Wawili waliobaki siwataji, wasije wakavimba kichwa.

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, ila ile pumu aliyotoka nayo kwenye mabanda ya tumbaku Urambo inamtembelea kila alfajiri, na jicho la kulia limezidi ukungu. La kushoto bado linatofautisha kuku na bata. Anasema mwangaluka, umeamkaje, ule vizuri, usilale na nguo za kazini. Dagaa uliompa Eustace wa reli walifika wote. Mawese yalifika nusu. Eustace anasema nusu nyingine ilimwagika Malagarasi behewa lilipotikisika, nami nimemsamehe, kwa sababu yeye ndiye posta yetu na treni ni yake.

Usichoke kuandika. Unajua mama yako na simu hawapatani. Sauti ikikatika katikati anajua ndiyo umekufa, anakaa na kile kisimu mapajani mpaka jioni, hata chai hanywi. Barua haikatiki. Jumapili tukitoka misa anakaa kwenye kigoda chake, mimi nasoma, yeye anasema rudia, narudia.

Sasa maendeleo. Bwana Parin, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anajenga bustani ya michezo njia ya kwenda Isikizya. Usidhani bembea mbili na ngamia wa kupiga naye picha. Inaitwa Bustani ya Msafara. Kutakuwa na tembo wa plastiki ngumu, mkubwa, watu wanaingia tumboni mwake kwa ngazi. Kutakuwa na gurudumu la kupandisha watu angani. Kutakuwa na kigarimoshi kinachopita njia ile ile waliyopita wapagazi, Bagamoyo mpaka Ujiji, ila imefupishwa iwe dakika sita. Mambo ya misafara Parin atayajulia wapi? Akaniita mimi. Wewe unajua babu wa baba yetu alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara mzima, na pembe ya ndovu aliyobeba yeye walijaribu wanaume wawili wakaiacha chini. Alikwenda pwani mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili pwani ilimfuata yeye. Kwa kifupi, Parin hawezi kusimamisha mguu wa tembo bila kuniuliza.

Kuhusu lile agizo lako la chanjo ya korona: tulikwenda hospitali, mimi na mama yako, tukapanga foleni, mambo yamekwisha. Nilitangulia mimi, kama damu inavyodai. Muuguzi alisema hajapata kuona mkono mgumu namna hii, sindano ya kwanza ilipinda ikabidi alete ya pili. Basi tusilirudie hilo.

Asali hiyo ni ya Sikonge, usiwagawie wenzio yote.

Mimi mjomba wako,
S. Kapembe
(Mshauri wa Misafara)


Kigoma
12 Septemba 2021

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata jana. Eustace alikaa nayo mfukoni mwa koti safari mbili akiamini ameshanipa. Asali imefika, nailamba na kijiko nikirudi kazini, maana kupika siwezi.

Nimechoka, mjomba. Wodi yetu ina vitanda kumi na vinane na wauguzi ni wanne. Mwezi uliopita tulikuwa sita. Hao wawili usiniulize. Nikivua barakoa jioni uso una mistari kama wa mtu aliyelalia kamba, na watoto wa jirani wananikimbia, mama zao wamewaambia.

Nakuandikia hasa kukushukuru. Niliposoma kwamba mama amechanjwa nilikwenda nyuma ya stoo, nikakaa juu ya boksi la glavu, nikalala hapo hapo dakika kumi. Sikuwa nimelala vile tangu Julai. Tunawapokea wenye pumu, mjomba, umri wa mama, na mimi ndiye ninayewafunika. Kila anayeletwa namtazama kwanza kanga, kama naijua. Sasa siangalii tena kanga.

Naomba umsomee mama sehemu hii kama ilivyo: Mama, najua ulikuwa unaogopa, na ulisema hutachanja mpaka mjomba achanje kwanza. Asante kwa kukubali. Umenipunguzia mzigo ambao sikuweza kumwambia mtu.

Jambo dogo. Kila aliyechanjwa hupewa kadi yenye namba. Niandikie namba zenu mbili, nizihakikishe kwenye mfumo hapa kazini. Kadi nyingine huwa hazikuingizwa vizuri. Na hiyo bustani, hata ikifunguliwa, muiache kwanza. Chanjo haimaanishi mkabanane na watu.

Ni mimi,
Leonia


Cheyo, Tabora
3 Oktoba 2021

YAH: NAMBA, TEMBO, NA MENGINEYO

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mahindi bei nzuri, michembe ya viazi tumeanika, paa la jikoni nimelipiga bati jipya kwa mikono yangu miwili, fundi alikuja akasema hana cha kuongeza akaondoka.

Barua yako nimemsomea mama yako yote, neno kwa neno. Amefurahi. Aliuliza tu mbona safari hii umeandika kifupi, nikamwambia karatasi Kigoma zimepanda.

Kuhusu namba. Zile kadi ni nyaraka za serikali, sikuziweka ovyo. Nimezifungia kwenye sanduku la bati la marehemu baba. Ufunguo nikauweka dirishani, nikageuka kidogo, bata akaumeza. Namfuatilia huyo bata. Mama yako hataki achinjwe kwa sababu anatamia. Kwa hiyo tunangoja.

Tembo amewasili kutoka Dar kwa malori matatu: kichwa lori lake, tumbo lori lake, miguu lori lake. Mji mzima ulisimama barabarani. Parin aliponiona pale kwenye umati alinipungia mkono, watu wote wakageuka kutazama anayepungiwa ni nani. Bustani itafunguliwa Krismasi, kwa masharti ya wizara: barakoa, kunawa mikono, kupimwa joto, na wasizidi watu mia mbili ndani kwa mara moja.

Mama yako anasema anataka kumuona tembo huyo kabla macho hayajafunga duka. Babu alimsimulia habari za pembe akiwa mdogo, mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mbona unasema hao wawili nisikuulize? Basi sikuulizi.

S. Kapembe


Kigoma
28 Novemba 2021

Shikamoo mjomba,

Samahani kwa kimya. Kazi zilizidi. Mwandiko umelala kwa sababu naandikia garini, magotini.

Bata ametotoa? Naomba namba.

Usimpeleke mama bustanini. Nakuomba kama mpwa wako, na kama muuguzi. Sikukuu watu watajaa, masharti yatasomwa kwenye kipaza sauti na hakuna atakayeyasikia. Kifua cha mama unakijua.

Siwezi kuandika zaidi leo. Msalimie. Mwambie nakula vizuri.

Leonia


Cheyo, Tabora
30 Desemba 2021

YAH: ZIARA YA BUSTANI YA MSAFARA

Mpwa wangu Leonia,

Marahaba, na heri ya Krismasi. Barua yako ilikuta reli imekatwa na mvua, imefika tarehe 27, na sisi bustanini tumekwenda tarehe 26. Kwa hiyo usiseme mjomba amekaidi. Mama yako ndiye aliyevaa kanga mpya tangu misa ya kwanza, akakaa mlangoni na mkoba mapajani. Unamjua dadangu akishashika mkoba.

Bata alitotoa, kisha akaibiwa yeye na ufunguo.

Sasa ziara. Mpwa wangu, watu. Urambo walikuja, Ulyankulu walikuja na malori ya tumbaku, Nzega walikuja wamesimama. Parin kwa akili zake alichora miduara ya chokaa ardhini kuanzia barabarani mpaka langoni, kila mduara mtu mmoja, na kila mduara akauandika kituo cha msafara: Bagamoyo, Kilosa, Mpwapwa, Kilimatinde, Tura, na mwisho kabisa langoni, Tabora. Uzuri wake kwenye karatasi ulikuwa mkubwa. Kwenye ardhi, Mpwapwa peke yake tulisimama watu tisa. Mama mmoja akamwambia mwenzake sogea basi Kilosa, mwenzake akajibu Kilosa kuna mtu anatapika. Kipaza sauti kinasema kaeni mbali mbali, kaeni mbali mbali, na kila kikisema watu wanasogea mbele wasikie vizuri. Mpwapwa tulikaa saa nzima na nusu. Jua lilitukuta hapo, miguu ikafa ganzi, nikawaza wale wazee walikaa hapo hapo na pembe begani, na hakukuwa hata na mtu wa kuwauzia maji.

Barakoa nazo. Ukoo mmoja ulikuja na barakoa moja. Aliyeshaingia anaivua, anaifunga kwenye jiwe, anairusha juu ya uzio, anaivaa wa pili. Nimehesabu watu saba wameingia kwa barakoa hiyo hiyo. Usishtuke, sisi tulikuwa na zetu, mama yako aliosha na kupiga pasi jana yake.

Saa nne na nusu tukafika Tabora, yaani langoni. Yule askari wa lango nilitaniana naye kidogo.

Saa saba tulikuwa tumboni mwa tembo. Nitakueleza nini? Ni mweupe, mkubwa kama wingu lililokaa chini. Tumboni mwake kunanuka ndoo mpya. Ukigonga ukuta unalia kama debe, na sauti ya watoto inazunguka humo hujui imetokea wapi. Ngazi zina kamba ya kushikia, kamba inachoma viganja. Gurudumu linalia kila likifika juu, waliokaa humo ni kama nguo zimeanikwa, na taa zake mchana kweupe ni kama nyota zilizolowa maji. Kigarimoshi unakisikia kabla hujakiona. Kilipofika Ujiji kilipiga honi, na mtu mmoja mzima mwenye mvi akalia, akasema babu yake hakurudi kutoka huko. Mimi nilipanda vyote. Gurudumu nilipanda mara nne, na nikiwa juu kabisa niliona Isikizya, nikaona na kofia ya mtu ninayemfahamu.

Mama yako amefurahi. Anachoka tu, na mkono wa kushoto ulimuuma siku mbili hizi, hapa juu karibu na bega. Nadhani ni zile kamba. Leo umepoa.

Basi, heri ya mwaka mpya.

S. Kapembe
(Mshauri wa Misafara)


Kigoma
16 Januari 2022

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Mara ya pili nilitazama saa. Umefika langoni saa nne na nusu, ukawa tumboni mwa tembo saa saba. Wewe unayeweza kuandika ukurasa mzima juu ya barakoa moja, hukuandika neno juu ya hizo saa mbili na nusu. Mara ya tatu nikafika kwenye mkono.

Mkono wa kushoto, juu karibu na bega, siku mbili, halafu umepoa. Mjomba, mimi nimechoma mikono hiyo kwa mamia. Kamba haiumizi hapo.

Na Eustace alipeleka wanawe bustani hiyo hiyo kwenye mwaka mpya. Anasema tembo ni wa kijani.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira inataka nguvu, na mimi sina. Nataka kujua jambo moja tu, mama alikuwa salama tangu lini? Tangu Agosti, kama ulivyoniambia, au tangu tarehe 26 Desemba? Kama ni Desemba, basi miezi minne niliyoacha kutazama kanga za wanaoletwa, nilikuwa najidanganya kwa maneno yako.

Na mimi nina langu, kwa hiyo siwezi kukuinulia kidole. Sikuandika garini. Oktoba niliugua. Nililala kitanda namba sita, kwenye wodi yangu mwenyewe, siku kumi na moja, tisa kati ya hizo na mashine ya hewa. Niliwakataza wenzangu wasipige simu nyumbani. Niliona mama akipokea simu kisha ikikatika, basi ndiyo angeondoka yeye. Ile barua ya Novemba niliandika nimelala nyumbani, nguvu zilikuwa hazijarudi. Wale wauguzi wawili uliosema huniulizi, mmoja amerudi kazini. Mwingine alikuwa ananisuka nywele Jumamosi.

Nilijifariji kwa kitu kimoja pale kitandani: hata nikienda, mama ameshachanjwa.

Sasa najua unamsomea mama unachotaka. Nimejua siku nyingi, maana nilimwomba kwenye barua ya Machi mwaka jana anitumie jina la dawa yake ya zamani na hukujibu, wala yeye. Nilinyamaza kwa sababu hakuna mwingine wa kumsomea. Hii nakuachia uamue. Ila ukimsomea, msomee yote.

Nimepata likizo Machi.

Leonia


Cheyo, Tabora
6 Februari 2022

Leonia mwanangu,

Mama yako yuko hapa kwenye kigoda, amesema nianze bila YAH. Amesema pia niandike kila atakachosema na nisiongeze. Nimemwambia atumie maneno machache, mkono unachoka.

Marahaba. Hatujambo.

Barua yako nimemsomea Jumapili iliyopita, yote. Nilipofika kitanda namba sita nilisimama kidogo. Akasema endelea. Nikaendelea. Nilipomaliza hakusema rudia. Alikaa hapo hapo mpaka kuku walipoingia bandani, kisha akasema, "Sasa rudia, polepole." Nikarudia. Usiku ule hakula. Asubuhi aliniuliza huyo aliyekuwa anakusuka alikuwa anaitwa nani, nikasema hukuandika. Anaomba uandike jina, amtaje misani.

Sasa yangu. Agosti tulikwenda hospitali kweli. Nilimkalisha mama yako kwenye benchi la nje, nikaenda dirishani kuuliza. Mbele yangu mzee mmoja amekunja shati. Nikaona sindano inatolewa kwenye karatasi yake. Leonia, miguu iligeuka yenyewe. Nikarudi kwenye benchi nikamwambia dada imeisha, tutaambiwa ikija. Akaamini. Kisha nikakuandikia wewe kwamba tayari, nikijua wiki ijayo nitapata moyo, namna hiyo uongo utakuwa kweli na hakuna atakayejua. Ile wiki ijayo ilikwenda mpaka Desemba. Kwenye zile barua zako nilikuwa naruka mistari. Bata hakumeza kitu. Bata yupo.

Mama yako anasema andika na ya langoni.

Langoni kulikuwa na kijana amevaa barakoa mpaka chini ya macho, ameshika ile bastola ya kupimia joto. Nikasikia lafudhi, nikamuuliza wa wapi, akasema Kisarawe, jina Majidi. Mzaramo. Unajua mimi na Mzaramo ni kitu kimoja, sisi ni watani wao tangu misafara ya pembe ilipokuwa inafikia kwao, tunatukanana na hakuna wa kununa. Nilikuwa nimechoka Mpwapwa, miguu inawaka, nikasema hapa ndipo pa kupitia. Nikamwambia, "Mtani, fungua upesi. Nina homa siku ya tatu leo, nimetembea nayo kutoka Cheyo nikuletee wewe, maana kwenu zawadi hamkatai."

Hapo mtani wa kweli angenijibu kwa tusi. Nikangoja tusi. Utani unataka kuona meno, mpwa wangu, na mimi nilikuwa naona kitambaa. Nyuma yake amesimama msimamizi na daftari. Majidi akasema mzee pita huku, akatuelekeza kwenye hema jeupe pembeni. Baadaye alimwambia mama yako kwamba chini ya ile barakoa alikuwa amecheka mpaka machozi, ila msimamizi alishalisikia neno homa, na sheria ni kwamba anayetaja homa haingii mpaka mhudumu wa afya amwangalie.

Kwenye hema kulikuwa na muuguzi, Vestina, dada wa Ulyankulu, mpole. Akatupima, hatuna joto. Akaomba kadi za chanjo. Nikaanza kueleza habari za sanduku la bati. Mama yako akanikata, akasema sisi tulikwenda Agosti tukakuta imeisha, mwanangu. Vestina akasema, "Haijapata kuisha, mama. Hata siku moja."

Mama yako alivua barakoa. Alinitafuta kwa lile jicho la kushoto mpaka akanipata.

"Silasi, uliniambia imeisha."

Nikavua barakoa na mimi.

"Na Leonia anajua nini?"

"Anajua tumechanja."

"Kwa hiyo Jumapili zote hizi unanisomea nini?"

Nje kipaza sauti kinasema kaeni mbali mbali. Nikatazama viatu vyangu, vina chokaa ya Mpwapwa. Akanyoosha mkono wake kwa Vestina, akasema, "Nichome mimi kwanza. Huyu nishikieni."

Hakulia, hakutikisika, alisema tu ni kama siafu. Akakaa ile robo saa anayotakiwa kukaa wamtazame. Mimi nilikunja shati. Nilisikia ile karatasi ikichanika, na baada ya hapo nilichokiona ni paa la hema. Sindano ilikuwa haijanigusa. Walinilaza kwenye mkeka, miguu wakaiweka juu ya kreti la soda. Nilipopata fahamu mama yako alinifunika uso kwa ile kanga mpya, akanishika mkono, akasema sasa. Ndipo nikachomwa, na wewe unajua mengine yote ya mkono mgumu. Nikainuka nitoke kama mwanamume, nikaanguka tena. Vestina akasema mzee huyu asisogee mpaka saa tisa.

Mama yako anasema andika kwamba nililia. Kidogo.

Namba za kadi zote mbili ziko nyuma ya karatasi hii. Zitazame kwenye mfumo wako, na ukiziona uniandikie kwa herufi kubwa kwamba umeziona. Mama yako alikuwa salama tangu Desemba, si Agosti. Hiyo miezi minne niliishi na kifua chake kila alfajiri, nasikiliza ukutani anavyovuta pumzi, nahesabu, nalala kukicha. Nilichoka, Leonia, lakini si kama wewe, kwa hiyo nisijilinganishe.

Anasema usimfiche tena. Anasema hata simu atapokea, na ikikatika atangoja upige, hatasema umekufa. Anasema Machi uje na nguo chache, atakusuka yeye.

Sasa ameniambia nimalize, halafu akaniuliza kama nimeandika na lile la tembo. Nikasema hilo halina umuhimu. Akasema ndilo dogo kuliko yote, kwa nini linakushinda?

Basi. Ule ushauri wa misafara: Parin aliniuliza swali moja, siku naenda dukani kwake kununua misumari. Aliuliza wapagazi walikuwa wanaimba nini. Nikamwambia sijui.

Na ile siku mimi nilibaki hemani. Majidi alimshika mama yako mkono akamwingiza mwenyewe, akamzungusha kote, akamrudisha saa tisa na soda mkononi. Yote niliyokuandikia ya ndani alinisimulia mama yako njiani tukirudi, kwa hilo jicho moja, nami nikaongeza kupanda gurudumu na kuona Isikizya. Mama yako anasema tembo ni mweupe. Eustace anasema kijani. Ukija Machi usiniulize mbele za watu. Mimi sijamuona.

Mjomba wako,
Silasi